Pembe Ndogo Begani: Mhadhara kwa Wazazi na Walimu wa Ulyankulu

   

Nimeombwa nizungumze jinsi mzazi anavyoweza kumsaidia mtoto kujifunza akiwa nyumbani. Mwenyeji wangu aliongeza sharti moja, kwa adabu lakini bila kumung'unya maneno: nisilete mambo ya Dar es Salaam. Nimemwelewa. Hotuba za namna hii zina mawaidha yake ya kudumu: mtengee mtoto chumba cha kusomea, mjazie rafu ya vitabu, kaa naye mezani kila jioni umkague. Nyumba yenye chumba cha kusomea haina shida na mhadhara wangu. Nitazungumza juu ya nyumba ya hapa: watoto sita, meza moja ambayo ndiyo hiyo hiyo ya kulia chakula, shamba la tumbaku na la mahindi, baba aliyeishia darasa la nne, bibi anayeota kwa Kirundi au Kinyamwezi, na taa moja ya sola inayogombaniwa na kila mtu.

Hoja yangu ni moja, na naitanguliza ili atakayeipinga ajiandae mapema. Mzazi halazimiki kuwa mwalimu wa pili. Kazi yake ni kumpa mtoto fungu lake katika kusoma na kuhesabu kunakoendesha nyumba, fungu dogo linalolingana na umri wake, kisha amsubiri alitimize. Asiyejua hata herufi moja analiweza hilo, mradi asione haya.

Eneo hili lilikuwa na somo hilo kabla ya ubao na chaki kufika. Richard Burton, Mwingereza aliyefika Kazeh, karibu na mji wa Tabora wa leo, mwezi Novemba 1857, aliandika kwamba kwa Wanyamwezi upagazi ulikuwa kipimo cha uanaume, na kwamba mtoto wa miaka sita au saba alikuwa tayari anatembea na pembe ndogo ya ndovu begani. Burton hakuwa shahidi mwenye huruma. Aliwadharau wengi aliowaandika. Lakini wageni waliopita baada yake walisimulia yanayokaribiana na hayo. Alfred Swann, baharia wa misheni aliyeijua njia ya misafara ya hapa miaka ya 1880, alisema kijana hakuruhusiwa kuoa kabla hajapeleka mzigo wa pembe pwani na kurudi na mzigo wa nguo au nyaya za shaba.

Itazameni pembe ile kwa jicho la mwalimu. Ilikuwa pembe kweli. Haikuwa kijiti alichopewa mtoto ili acheze upagazi. Ingefika sokoni pamoja na nyingine zote na ingeuzwa. Ila ilikuwa ndogo, ya saizi ya bega lake, na mbele yake alitembea mtu mzima aliyeijua njia. Nayo njia ilikuwa darasa gumu. Ilibidi kujua kambi ipi ina maji na ipi imekauka, mtemi yupi anadai hongo ya njia na anadai kiasi gani. Nguo zilihesabiwa kwa shuka na doti, shuka mbili zikifanya doti moja, na doti kadhaa zikifanya jora. Kitambaa cha merikani kilikuwa na thamani yake na cha kaniki yake; shanga za rangi iliyopendwa kijiji hiki zilikataliwa kijiji cha pili. Mtoto aliyeketi karibu na mazungumzo hayo jioni baada ya jioni alijifunza hesabu ambazo leo zingempa shida mtahiniwa wa darasa la saba. Mtemi Mirambo, ambaye Ulyankulu ilikuwa ndani ya dola yake, alizijua hesabu hizo vizuri kuliko wote. Alipoifunga njia mwaka 1871, wafanyabiashara wa Tabora walitambua mara moja nani alikuwa ameshika daftari.

Sizitamani zama hizo. Njia hiyo hiyo ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilipitisha watoto waliofungwa kamba, ambao mzigo wao haukupimwa kwa mabega yao na ambao hakuna aliyetaka wajifunze chochote. Mtoto anayefundishwa kazi na mtoto anayetumikishwa walipita barabara moja. Nitalirudia jambo hili tutakapofika kwenye tumbaku, maana huko ndiko linakotuhusu.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na upagazi wa masafa marefu ukafa. Pakazuka njia nyingine ya kijana kuwa mtu: shule. Tabora ilipata shule kubwa ya wavulana mwaka 1922 na ya wasichana mwaka 1928, na mwaka 1937 akaingia Tabora Boys kijana kutoka Butiama ambaye wote mnamjua. Sifa ya mkoa huu katika elimu ilijengwa na shule za bweni. Kwa hiyo kwa miongo mingi kusoma kulimaanisha sanduku la bati na kuaga. Mtoto aliyebaki nyumbani ndiye aliyekosa, aliyepata aliondoka. Nadhani fikra hiyo haijatutoka mpaka leo, hata pale shule ilipo hatua chache kutoka mlangoni. Tunasema "nimempeleka shule" kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi.

Lakini mwaka wa masomo wa Tanzania hauna hata siku 200. Siku zilizobaki, jioni zote na likizo zote, mtoto yuko kwenu.

Mwaka 2010 shirika la Twaweza lilitoa ripoti ya kwanza ya tathmini ya Uwezo kwa Tanzania. Mbinu yake iliazimwa kutoka India, ambako shirika la Pratham lilianza tathmini iitwayo ASER mwaka 2005. Watu wa kujitolea walipita nyumba kwa nyumba, wakaketi na mtoto nyumbani kwao, wakampa karatasi yenye herufi, maneno, aya fupi na hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Kati ya watoto kumi wa darasa la tatu, takribani watatu tu waliweza kuisoma hadithi ile ya Kiswahili. Katika darasa la saba, takribani mtoto mmoja kati ya watano hakuweza. Serikali haikukaa kimya. Darasa la kwanza na la pili yakapata mtaala unaokazania KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na mkoa wetu wa Tabora ukaingizwa katika mpango wa kuboresha elimu wa EQUIP-Tanzania ulioanza mwaka 2014, uliohimiza pia Umoja wa Wazazi na Walimu. Januari 2016 ada ya shule za sekondari za serikali mpaka kidato cha nne ikaondolewa. Hilo lilikuwa jambo jema sana. Ila ada ilipoondolewa, wengine wetu tulisikia kana kwamba na mzazi ameondolewa.

Kinachonivutia katika tathmini ya Uwezo si takwimu zake. Ni kwamba ilifanyika nyumbani, kwa karatasi moja na sikio. Karatasi na sikio kila nyumba inavyo.

Hapo mama mmoja ataniuliza, na ana haki: mimi sijui kusoma, nitajuaje kama mtoto anasoma au ananidanganya? Swali hili lina jibu, na tukae nalo kidogo, maana wengi hukata tamaa hapa.

Mtoto wa darasa la kwanza au la pili ana akili nyingi kuliko tunavyodhani, na akili hiyo huitumia kwanza kuhifadhi. Mwalimu anasoma sentensi, darasa linaitikia kwa pamoja, kesho yake mtoto anaweza kukusomea ukurasa mzima akiwa ameangalia dari. Mwambie aweke kidole chini ya kila neno anapolitamka. Kidole kikimaliza mstari kabla ya mdomo, au mdomo kabla ya kidole, umeshapata habari. Kisha gusa neno lolote katikati ya ukurasa, wewe usiyelijua, umuulize: hili ni neno gani? Aliyehifadhi hawezi kujibu mpaka arudi juu aanze tena kama mtu anayetafuta ubeti wa wimbo. Anayesoma atakuambia papo hapo. Gusa neno lile lile ukurasa wa pili uone kama analitaja vile vile. Mwisho, funga kitabu umwambie akueleze kilichosemwa humo. Kama aliyoyasoma hayasimuliki, hayakuingia. Katika majaribio yote hayo hukuhitaji kujua herufi hata moja. Ulihitaji kutulia, na mtoto akajua kwamba kusoma kwake kunasubiriwa na mtu.

Mkigundua kwamba hajui, msimpige. Mtoto wa darasa la nne aliyeshindwa neno "mbuzi" ameshaificha aibu hiyo miaka mitatu. Fimbo itamfundisha kuificha vizuri zaidi. Nendeni kwa mwalimu wake mkamwambie mlichokiona. Walimu, nanyi msiwapokee wazazi hao kana kwamba wamekuja kuwashitaki. Mwalimu mwenye darasa lililojaa hadi dirishani hawezi kumsikiliza kila mtoto akisoma peke yake kila wiki, na mzazi aliyemsikiliza amewapunguzia mzigo.

Sasa tuje kwenye historia ya hapa, maana Ulyankulu si kijiji cha kawaida na msaada wa mzazi hapa una mizizi yake.

Makazi haya yalifunguliwa mwaka 1972 kwa ajili ya watu waliokimbia mauaji ya Burundi. Serikali ya Tanzania, UNHCR na shirika la TCRS walipima ardhi porini, wakakata barabara, na familia zikapangwa kando ya barabara hizo kwa namba. Ndiyo maana mpaka leo mtu akiulizwa kwao, anataja barabara ya ngapi. Baadaye watu wakazidi maji na ardhi, wengi wakahamishiwa Mishamo. Waliobaki walifyeka, wakalima, wakajenga shule na makanisa. Watoto walifundishwa kwa mtaala wa Tanzania na kwa Kiswahili. Wazazi wao, ambao wengine masomo yao yalikatwa na safari ya usiku mmoja, walibaki na lugha yao na fikra kwamba mambo ya shule ni ya mtoto na mwalimu.

Fikra hiyo naipinga, na ninao mashahidi kutoka hapa hapa. Waliojenga Kwaya ya Barabara ya 13, ambayo tangu enzi za kaseti imeifanya namba ya barabara ya kijijini ijulikane nchi nzima, hawakusubiri shule iwafundishe. Mazoezi ya kwaya ni somo kamili la kusoma: maneno yameandikwa daftarini kwa mkono, yananakiliwa, yanasomwa kwa sauti, yanarudiwa mpaka kila silabi imekaa mahali pake. Mtoto aliyekabidhiwa daftari la kwaya ya watoto ili anakili nyimbo kwa wenzake amepata kazi ya kuandika yenye wasomaji kweli. Ikiwa ameandika vibaya, watu ishirini wataimba vibaya, na atasikia.

Na kuna karatasi zilizomo masandukuni mwenu. Mwaka 2007 na 2008 familia za makazi haya zilihesabiwa na kuulizwa: kurudi Burundi au kuomba uraia? Mwaka 2010 watu wapatao 162,000 wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo walikubaliwa kuwa raia, na vyeti vyenyewe vikaanza kutolewa mwaka 2014. Sijui maandishi gani yana uzito kuliko hayo katika nyumba ya hapa. Yatoeni. Mtoto wa darasa la tano asome jina la babu yake, tarehe, mahali pa kuzaliwa. Ahesabu babu alikuwa na umri gani alipovuka mpaka. Alinganishe jina lilivyoandikwa kwenye cheti na kwenye kadi ya kliniki yake mwenyewe. Herufi moja iliyokosewa hapo inaweza kumgharimu mtu safari za ofisini mwaka mzima. Mtoto akiiona tofauti hiyo kabla ya karani, ameisaidia nyumba, na amejifunza kwa nini tahajia ina maana.

Kuhusu lugha, nitasema kwa kifupi kwa sababu watu huigeuza kuwa ugomvi. Bibi asiache Kirundi chake wala Kinyamwezi wala Kisukuma kwa kudhani anamchelewesha mjukuu. Mtoto aliyezoea kusimuliwa kwa lugha ya nyumbani tayari anajua kwamba kisa kina mwanzo na kina mafundo, na kwamba msikilizaji lazima aelezwe nani alifanya nini. Anayetega kwa Kirundi husema "Sokwe", wanaosubiri hujibu "Niruze". Sisi tunasema "Kitendawili", "Tega". Mchezo ni ule ule, na ubongo unaofanya kazi ni ule ule. Mtoto asikie fumbo kwa bibi, kisha aliandike kwa Kiswahili daftarini. Mwalimu wa lugha hatapata zoezi bora zaidi ya hilo hata akipewa semina.

Tufike kwenye tumbaku.

Mwalimu anayetaka kufundisha watu kusoma kwa mambo wanayoyaishi si mzushi katika nchi hii. Kuanzia mwaka 1968 UNESCO na serikali waliendesha Mwanza mradi wa kisomo cha watu wazima ambao vitabu vyake vilihusu pamba, migomba, uvuvi na ng'ombe. Mkulima alijifunza herufi kwa maneno ya shamba lake. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi, kila kikundi na redio yake na kitabu chake, na anayejua kusoma akiwasomea wenzake. Kufikia mwaka 1986 serikali ilikadiria kwamba watu wazima wasiojua kusoma ni chini ya asilimia 10. Mnaweza kuitilia shaka hesabu hiyo, na mimi naitilia kidogo. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta wanaojua ni karibu wanane kati ya kumi. Lakini watu walisoma kweli, na walisomea majumbani na chini ya miembe.

Basi tuchukue zao letu. Mfano huu ni wa kufikirika, namba nimezichagua kwa urahisi. Robota moja lina kilo 60. Mthamini amelipa daraja ambalo bei yake ni dola 2 na senti 10 kwa kilo. Mtoto wa darasa la sita azidishe: dola 126. Dola moja tuseme ni shilingi 2,500. Hiyo ni shilingi 315,000. Sasa daraja lililo chini yake kwa senti 5 tu. Kilo 60 mara senti 5 ni dola 3, shilingi 7,500 katika robota moja. Una marobota mangapi? Mtoto akishamaliza hapo, mpe karatasi ya makato: mifuko ya mbolea, mbegu, madawa, na mengineyo yaliyokopwa kupitia chama cha msingi. Aone kama mifuko iliyoandikwa ndiyo iliyopokewa. Desimali, ambazo darasani humfanya apige miayo, hapa zina sura ya madaftari na sare za mwaka mzima. Nimesikia wakulima wakisema hawazielewi karatasi zao za malipo, huku nyumbani wana kijana wa kidato cha pili ambaye hajawahi kuonyeshwa. Tunamficha mtoto fedha za nyumba kwa kudhani tunalinda heshima ya baba. Heshima gani hiyo inayomwacha baba aibiwe peke yake?

Hiyo ndiyo pembe ndogo ninayoisema. Ila njia ya pembe ilikuwa na watoto wa namna mbili, nami niliahidi kulirudia hilo.

Muhula wa kwanza unaanza Januari. Majani huanza kuiva na kuchumwa miezi hiyo hiyo ya mvua, hadi Aprili. Bani la kukaushia majani likishawashwa, moto hulindwa usiku na mchana kwa siku kadhaa. Mtoto aliyekesha akichochea moto atasinzia darasani, na mwalimu atamwita mvivu. Jani bichi la tumbaku lenye umande hupitisha nikotini kwenye ngozi ya anayelibeba. Ndiyo asili ya kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu na kichwa kuuma ambavyo wengi mnavijua na kuviita malaria. Mwili wa mtoto ni mdogo, na sumu ile ile ni kubwa kwake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18, kazi nyepesi inaruhusiwa kuanzia miaka 14, na kazi ya hatari hairuhusiwi kabisa kwa mtoto. Urambo na Sikonge, wilaya za mkoa huu huu, zimekuwa na miradi ya kuwatoa watoto kwenye tumbaku. Hatuwezi kusema hatukusikia.

Kwa hiyo mtu asitoke hapa akasema mhadhiri ameruhusu watoto shambani kwa jina la elimu. Msimamo wangu ni huu: mtoto ashike hesabu ya tumbaku, asishike jani lake. Kufagia uwanja, kuchunga mbuzi wawili baada ya shule, kupalilia mahindi na mama Jumamosi asubuhi, sina ugomvi nako. Kazi inayomla usingizi, inayomtapisha, au inayomkosesha shule siku mbili kwa wiki, hiyo ni pembe kubwa juu ya bega dogo, hata kama mwenye shamba ni baba yake mzazi. Najua jibu lenu: vibarua ni ghali na mkopo wa pembejeo hausubiri. Ni kweli. Ndiyo maana nasema eka moja pungufu inayolimwa na watu wazima ni bora kuliko eka inayolimwa na darasa la tano, na najua nasema hivyo kwa urahisi kwa sababu deni si langu.

Kuna mtoto mmoja ambaye habari za tumbaku humsahau, maana kazi yake haionekani kwenye mzani. Ni msichana. Ndugu yake anarudi shuleni, anakula, anatoka. Yeye anateka maji, anasonga ugali, anambeba mdogo wao, anaosha vyombo, na taa inapobaki huru yeye ameshalala. Mama zangu, sisemi msiwafundishe binti zenu kazi. Nasema kijana wa kiume ana mikono miwili na ndoo haimchagui mtu. Gaweni kazi ili ipatikane saa moja kabla ya kulala ambayo ni ya binti, na taa iwe mbele yake. Shule ya wasichana ya Tabora ina umri wa karibu karne moja. Haingii humo binti ambaye jioni zake zote zimeishia jikoni.

Wengine mtaniuliza kuhusu tuisheni. Mwenye fedha alipe, sina neno, mradi asidhani amenunua mtu wa kushika nafasi yake mwenyewe. Redio na runinga je? Machi 17, 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, vipindi vilirushwa redioni na kwenye runinga, na kipindi cha katuni cha Ubongo Kids kikawafikia waliokuwa na umeme. Shule za msingi zilifunguliwa Juni 29. Katika miezi hiyo mitatu na ushee tulijua nyumba zipi zilikuwa na mazoea ya kusoma, kwa sababu mazoea hayazimwi na kukosa runinga. Na mazoea ya nyumbani yanaweza kusaidiwa: huko Bihar na Rajasthan, India, Rukmini Banerji wa Pratham na wachumi wenzake walijaribu kuwafundisha akina mama kusoma na kuwapa mazoezi ya kufanya na watoto nyumbani. Watoto walipanda kidogo, hasa katika hesabu. Kidogo tu, anayewaahidi miujiza kwa majuma sita anauza kitu.

Vitabu havipo vingi, lakini si kwamba mkoa huu ni jangwa. Tabora ina maktaba ya mkoa, na kiwanda cha uchapaji cha TMP huko Kipalapala kimechapa vitabu vya Kiswahili kwa vizazi. Watu wa kamati ya shule wanapokwenda mjini kwa shughuli nyingine, wapewe hela ya vitabu viwili vya hadithi. Viwili vikizunguka barabara nzima kwa zamu, kila nyumba wiki moja, vitachakaa kwa kusomwa, na hiyo ndiyo kazi ya kitabu.

Nimalizie kwa maombi, na nayaelekeza kwa watu wenye uwezo wa kuyatimiza. Viongozi wa vyama vya msingi mliomo humu: msimu ujao kila mkulima apewe karatasi yake ya mauzo na makato iliyoandikwa kwa Kiswahili, kwa mwandiko unaosomeka, yenye kilo, daraja, bei na kila kato katika mstari wake. Walimu wa hesabu wa darasa la sita na la saba: ziombeni karatasi hizo zenye majina yaliyofunikwa, mzifanyie kipindi kimoja kila wiki ya soko. Wazazi: mtoto wenu akirudi nyumbani na kipindi hicho kichwani, mpeni karatasi yenu, mkae naye mpaka afike mstari wa mwisho. Akigundua kosa, nendeni naye ofisini, na mwacheni yeye ndiye aeleze.